Sahihi Moja ya Mutuku

Hebu niambie, siku nzima ya kumzalisha mbuzi mmoja, wewe ungeihesabu ngapi? Mutuku, afisa wetu wa mifugo, alifika asubuhi mbuzi wangu mwekundu amekwama kuzaa. Akavua saa, akajipaka sabuni hadi kiwikoni. Magharibi tukawa na pacha wazima, nami nikamtilia sahihi moja daftarini. Mwenzake siku hiyo alikusanya arubaini, hata pikipiki hakushuka.

Kumbe kazi yao hupimwa kwa sahihi. Mwaka ulipokwisha, mwenzake akapewa cheti, Mutuku barua ya kufutwa.

Alikuja kuniaga.

“Si ungeniambia, mwanangu? Ningetia hata ishirini.”

Akawapapasa wale pacha.

“La, nyanya. Mimi nilitaka wakubwa waje wawaone hawa.”