Kurasa Zilizogandana

Mwaja, muuza samli wa Kaisho, aliona darsa ni kupoteza asubuhi. Kitabu cha fikihi alikirithi kwa baba yake. Mwalimu kipofu angemwongezea nini? Akaenda siku moja tu, kwa ubishi, akasoma kwa sauti mbele ya wanawake wenzake.

“Hapo simama, mwanangu,” Mwalimu Abdulghani akasema. “Umetoka kwenye udhu ukaingia kwenye sala. Tayamamu, ile ya udongo pasipo maji, umeiacha wapi?”

“Haimo, mwalimu. Nakisoma mwaka wa saba huu.”

Mzee akaanza kuisoma kwa ghibu. Mwaja akapapasa ukurasa, ulikuwa mnene. Akapenyeza ukucha, samli iliyogandisha kurasa mbili ikaachia, na maneno yaleyale yakafunguka mbele yake, hayakupungua hata herufi.

Kesho yake aliwahi kuliko wote, kitabu kakiacha nyumbani; safari hii alikuja kusikiliza.