Uwanja Uliomfuata Mwenyekiti

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Daktari wa Meno alikuwa amechuchumaa chini ya bawa la ndege yake akikinga petroli kwenye chupa ya jamu. Aliinua chupa juani kuona kama petroli ina maji, akainusa, akaimwaga kwenye nyasi. Kando yake Muuza Magodoro alikuwa akifuta kioo cha ndege yake kwa fulana kuukuu. Katibu, ambaye siku za kazi alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, alikuwa ndani ya banda akisubiri chai ichemke.

Mwenyekiti aliingia kwa miguu kutoka getini. Alikuwa mkandarasi mstaafu, mrefu, aliyenyooka, na koti lake la ngozi hakulivua hata wakati wa joto. Alilifikia pipa la mafuta lililosimama mlangoni mwa banda, akaligonga bega.

"Habari za asubuhi, Daktari. Naona umenenepa."

"Nzuri, Mwenyekiti," Daktari wa Meno alijibu kutoka chini ya bawa. "Ni mke wangu na mapishi yake."

Huo ulikuwa utaratibu wao. Mwenyekiti akisalimia pipa, aliye karibu hujibu kwa niaba ya pipa. Siku moja, wote wakiwa mbali, Mwenyekiti alinuna mpaka jioni kwa sababu Daktari hakumwitikia, na Daktari ilimbidi aombe radhi kwa kosa la pipa.

Klabu ilikuwa ya watu wanaorusha ndege ndogo kwa kuzipenda tu. Hawakubeba abiria wala mizigo. Walipaa, walizunguka, walirudi, walikunywa chai, na wakati wa chai walizungumza juu ya kupaa na kuzunguka. Hawakuzungumza juu ya kutua. Zamani wanachama wawili walipigana kwa spana kwa sababu mmoja alisema ndege ya mwenzake imedunda kama mpira, na tangu siku hiyo Mwenyekiti aliandika ukutani mwa banda kwa rangi nyekundu: KUTUA KWA MWENZAKO USIKUSEME. Ndege ikigusa ardhi, vyovyote itakavyogusa, wote huinua mkono na kusema, "Ndege iko chini." Basi. Kwa amri hiyo klabu ilidumu, na watu ambao mitaani wasingesalimiana walikuwa wameshakuwa ndugu.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi uliopangwa matairi yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Mwenyekiti aliusawazisha kwa greda lake mwenyewe enzi za ukandarasi, bila kumtoza mtu. Labda ndiyo sababu uwanja ulimheshimu.

Asubuhi ile alipaa wa kwanza. Aliporudi alikuja upande wa kushoto mno, akiwa ameelekea moja kwa moja kwenye shamba la jirani. Alipokaribia kugusa chini, uwanja ukasogea. Uliteleza kwenda kushoto pamoja na matairi yake, taratibu, kama mkeka unaovutwa kumpisha mgeni akae, ukaingia chini ya magurudumu yake kwa wakati. Mwenyekiti akatua katikati kabisa.

"Ndege iko chini," wakasema, mikono juu.

"Leo umesogea kupita wiki iliyopita," Muuza Magodoro alinong'ona.

"Upepo," alisema Daktari wa Meno.

Uwanja haukumfanyia hivyo mtu mwingine. Daktari mwenyewe aliwahi kuja pembeni kidogo, akiwa na matumaini, na uwanja ukabaki palepale ulipokuwa. Gurudumu lake la mbele lilitolewa mtaroni siku ya pili. Wote waliinua mkono na kusema ndege iko chini, na kwa kweli ilikuwa chini kuliko kawaida.

Shida ya kwanza ilikuwa umbali. Banda lilibaki mahali pake na uwanja ukawa unaondoka, hivyo kila wiki wanachama walisukuma ndege zao mbali zaidi, na chai ilifika imepoa. Shida ya pili ilikuwa Mama Bata.

Mama Bata alikuwa mjane mfuga bata. Alikinunua kiwanja chake kwa sababu kilikuwa mbali na ndege, maana bata wakisikia kelele huacha kutaga. Alijenga nyumba ya matofali chumba baada ya chumba, kwa mayai. Siku hiyo alikuja bandani akiwa na bata mmoja kwapani, na bata yule alikuwa na alama ya tairi mkiani, ingawa alionekana mzima.

"Waheshimiwa," alisema, "uwanja wenu umelala juu ya bwawa langu."

"Mama," Katibu alisema kwa upole, "uwanja haujalala. Umepita tu."

"Umepita na bwawa. Bata wangu wanaogelea kwenye nyasi."

Ilikuwa kweli. Bata walikuwa katikati ya uwanja, wamepanga mstari, wakipiga makasia kwa miguu yao mahali ambapo hapakuwa na maji.

Klabu ilimwita mpima ardhi, kwa sababu ilikuwa klabu ya watu waungwana. Mpima alifika na darubini yake ya miguu mitatu, akazunguka asubuhi nzima. Alikuta mawe ya mpaka yamejipanga vizuri kandokando ya uwanja, ijapokuwa nyuma ya kila jiwe kulikuwa na mfereji mrefu kwenye udongo kuonyesha lilikotoka. Mpima aliruka ile mifereji kwa uangalifu ili asijikwae.

"Mawe yako pembeni mwa uwanja, kama inavyotakiwa," alisema. "Tatizo ni huyu mama. Bwawa lake limeingia uwanjani."

"Bwawa limeingia?" Mama Bata aliuliza. "Kwa miguu?"

"Mimi napima mahali vitu vilipo, mama. Jinsi vilivyofika si kazi yangu."

Mpima alipoondoka, Mama Bata alimvuta Katibu pembeni, nyuma ya pipa.

"Kaka Katibu, wewe una uso wa mtu. Nisikilize. Sitaki fidia, sitaki kesi. Uwanja sasa uko hatua chache tu kutoka jikoni kwangu. Nataka mtu mmoja amwambie yule mzee kwamba haoni."

"Mama, sisi hapa tunaambiana kila kitu."

"Mwambieni basi."

"Kila kitu isipokuwa kutua."

"Haya, msimwambie habari za kutua. Mwambieni habari za macho."

Katibu alitafuta kasoro katika maneno hayo, hakuiona. Akamwahidi.

Haikuwa ahadi ndogo. Macho ya Mwenyekiti yalipimwa kila mwaka na Daktari wa Meno, kwa kuwa daktari ni daktari, kwenye kiti kilekile cha kung'olea meno. Ubao wa herufi Mwenyekiti aliununua mwenyewe na kuutoa zawadi kwa klabu, baada ya kukaa nao nyumbani kwake kwa muda. Kila mwaka aliusoma wote bila kukosea. Mwaka uliopita aliusoma ukiwa umegeuziwa ukutani, na Daktari akamtilia alama ya vizuri sana.

Tena kulikuwa na jambo la mguu. Miaka mingi nyuma injini ya Katibu ilizimika angani, akaangukia katikati ya vichaka vya miiba, mguu ukavunjika. Mwenyekiti alizunguka juu yake mchana kutwa, akiinamisha bawa kila alipopita ili Katibu ajue hajaachwa, mpaka watu wakaifuata ile ndege inayozunguka na kumkuta. Mwenyekiti alifika nyumbani injini ikikohoa, tangi likiwa kavu. Hakulitaja tena jambo lile, hata kwa utani. Katibu alichechemea tangu hapo, na kila alipochechemea alimkumbuka.

Hivyo Jumamosi iliyofuata aliomba kuruka naye, wawili katika ndege moja, kama walipokuwa wanafunzi. Mwenyekiti alifurahi mno. Alimpigapiga Katibu mgongoni, na safari hii alimpata.

Juu kulikuwa kutulivu. Mwenyekiti alirusha ndege vizuri ajabu, kwa masikio na makalio, kama mpishi wa siku nyingi anavyotia chumvi bila kuitazama. Walisema juu ya wake zao na magoti yao. Katibu alisubiri nafasi, na nafasi ilipokuja aliiacha ipite, ikaja nyingine, nayo ikapita. Mwishowe Mwenyekiti akageuza ndege kurudi.

"Mwenyekiti," Katibu alisema kwenye kipaza sauti, "unauona uwanja?"

"Kwani wewe huuoni?"

"Nauona. Uko kulia kwetu."

"Kulia?" Mwenyekiti alicheka. "Rafiki yangu, kapimwe macho. Uwanja uko kushoto."

Katibu akatazama. Uwanja ulikuwa umeshaanza kwenda kushoto. Ulikuwa ukijikokota na matairi yake kuelekea ile nyumba ya matofali, bila haraka, kama mtu aendaye kazini. Mlangoni mwa jiko Mama Bata alikuwa akitoa sufuria. Alikuwa ameshajua sauti ya injini ile. Alitoa kubwa, akatoa ndogo, akatoa mfuniko, akasimama na kuinua uso kutazama ndege. Kwa umbali ule hakuwa na sura, lakini Katibu alijua anatazamwa yeye.

"Mwenyekiti," alisema. "Macho."

"Macho yamefanya nini?"

Mwenyekiti aligeuka kumtazama. Uso wake ulikuwa mchangamfu, umeelekea pembeni kidogo, ukitabasamia kamba ya kiti. Mkono wake kwenye usukani ulikuwa ukiinamisha bawa kidogo, kisha kulirudisha, mazoea ya zamani ambayo huenda yeye mwenyewe hakuwa na habari nayo.

"Yangu," alisema Katibu. "Nitayapima. Uko sawa, Mwenyekiti. Shuka."

Uwanja ukapita jikoni. Haukubomoa kitu kwa kelele. Ukuta mmoja uliondoka kama pazia, jiko likawa nyasi, na magurudumu yakagusa mahali ambapo kitambo kidogo vitunguu vilikuwa vikikaangwa. Harufu ilikuwa bado ipo. Mwenyekiti aliivuta puani.

"Hapa ndipo nyumbani," alisema. "Nimeiweka katikati."

"Ndege iko chini," wakasema kule mbali, mikono juu.

Kamati ilikutana jioni hiyohiyo. Wote walikubali kwamba Mama Bata ameonewa. Muuza Magodoro alisema hadharani kwamba moyo unamuuma. Daktari wa Meno alijitolea kumng'oa jino bure, lolote atakalolichagua. Lakini hakuna aliyeweza kuona la kufanya, kwa kuwa jambo la kufanya lilikuwa limeandikwa ukutani kwamba lisisemwe. Baada ya majadiliano marefu walipata njia, wakaifurahia: Mama Bata afanywe mwanachama wa heshima. Na kwa kuwa sebule yake sasa ilikuwa pembeni kabisa mwa uwanja, chai iwe inanywewa huko.

Katibu alimchapia kadi kwa mkono wake. Aliipamba ukingo wa maua, akaifunika plastiki, akaipeleka mwenyewe akichechemea.

Mama Bata aliisoma akiwa amekaa juu ya sufuria kubwa aliyoigeuza. Aliisoma tena.

"Hapa mmeandika nisiseme juu ya kutua kwa mwenzangu."

"Ndiyo, mama. Ni amri ya wanachama wote."

"Na nikikataa uanachama?"

"Basi huruhusiwi kukanyaga uwanjani."

"Kaka, mimi nalala uwanjani."

"Ndiyo maana tumekufanya mwanachama."

Mama Bata aliiweka kadi magotini. "Ulimwambia?"

"Nilianza."

"Ulianzia wapi?"

"Kwenye macho."

"Ukaishia wapi?"

Katibu alisema kadi isilowe maji, na akaondoka.

Jumamosi iliyofuata klabu ilihamia sebuleni kwa Mama Bata. Walilivingirisha pipa la mafuta mpaka mlangoni kwake ili lisiwe mbali na ndege. Chai ilifika ya moto, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na Muuza Magodoro alisema hajawahi kuona klabu imeshikamana namna hii. Alimletea Mama Bata godoro jipya. Mama Bata alishukuru, akaliegemeza ukutani, akauliza kama linakunjika.

Adhuhuri injini ya Mwenyekiti ilisikika. Wanachama walitoka nje na vikombe vyao. Mama Bata naye alitoka, ila yeye alitoka na kitanda. Daktari akashika upande wa pili, kwa kuwa alikuwa muungwana, na wakakiweka chini ya mti kando ya sufuria. Kisha walisimama kwenye mstari. Uwanja ukaja, ukachukua chumba cha kulala, ukatulia. Ndege ikagusa.

Mikono yote ikainuka. Wa Mama Bata uliinuka wa mwisho.

"Ndege iko chini," alisema.

Bata hawakuwa wanachama. Walijipanga pembeni mwa bwawa lisilokuwapo wakapiga kelele kwa nguvu zao zote, muda mrefu, bila kuacha hata neno moja.

Mwenyekiti alishuka, akavua glavu, akawapungia bata mkono. "Watu wengi leo," alisema kwa furaha. Akatembea mpaka kwenye pipa, akalishika bega kama ashikavyo rafiki wa zamani, akasogeza mdomo karibu nalo ili wengine wasisikie.

"Katibu," alimnong'oneza, "wewe ni mtu wangu, nikuambie ukweli. Hawa majirani wametuzidi. Kila mwaka wanajenga karibu zaidi na uwanja. Siku moja mtu ataumia."

Katibu alikuwa amesimama karibu, kikombe mkononi. Upande wake wa pili alisimama Mama Bata na mguu wa kitanda uliochomoka wakati wa kukibeba.

"Kweli, Mwenyekiti," Katibu akasema, akilijibia pipa.