Mlango Ndani ya Taya

Jumanne asubuhi daktari wa meno wa pale mtaani alimng'oa mfua mashuka jino la pili, zima kabisa, na uvimbe wa taya ukabaki palepale. Kwa daktari huyo kila shavu lililovimba lilikuwa jino. Akikosea, hung'oa la jirani.

Uvimbe ulianza wiki ile shoga yake wa kazini alipoungua na kufa kwenye chumba cha mashine za kufulia. Ripoti ilisema ni uzembe wa marehemu. Mfua mashuka aliulizwa kama aliona chochote, akasema hakuona. Alikuwa ameona: mlango wa dharura ulitiwa kufuli kwa nje, na mtu alikuwa akiugonga kwa ndani. Tangu siku hiyo alijichukia.

Hospitali kuu alisindikizwa na marehemu. Karani aliwaambia wasio wagonjwa wapishe viti, marehemu akasimama ukutani.

Daktari wa pale aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Mfupa umeota juu ya mfupa. Ni nadra, ila si saratani. Hauna madhara." Akasogeza kidole. "Na hapa katikati kuna mlango, una kufuli. Unauma?"

"Hauumi, daktari. Unagongwa."

"Hauna madhara kwa nani?" marehemu aliuliza.

Daktari alisema hilo si la idara yake, akaandika tarehe ya upasuaji.

Walimpasua kwa ndani ya mdomo ili asibaki na kovu. Mlango ulitoka mzima, mdogo kama punje ya hindi, ukapelekwa maabara.

Nyuzi zilipotolewa alikwenda kwa meneja wa kazini kwake, akasema yote.

"Ulimi hauna mfupa, dada," meneja alisema. "Watu husema mengi."

"Kweli hauna. Mfupa ulikuwa tayani."

Meneja alimpa pole, akasema faili lilishafungwa, akamwongezea siku tatu za kupumzika.

Aliporudi kazini mlango wa dharura ulikuwa na kufuli jipya. Mpiga pasi, aliyekuwa zamu siku ya moto, alikuwa amejifunga shavu kwa kitambaa. Marehemu alikuwa amekaa karibu naye, akimtazama yeye tu.

"Pole, kaka," mfua mashuka alisema. "Kumbe na wewe uliona?"

"Mimi sikuona kitu," akajibu kwa shida, maana taya lilikuwa halifunguki.