Hitilafu ya Gari

Niliingia kwa bosi bila kubisha hodi, na nisingebisha hata kama angekuwa na mgeni. Mfumo wake wa kompyuta ulikuwa umemtoa Tadeo kazini, msimu wa mbaazi ndio kwanza unaanza, na mimi nilitaka mtu wa kunieleza.

Tadeo, Baba Eliya, ni mtu wa Nangara mwenye Fuso moja tu. Hana duka, na mahindi yake mwaka huu yamekauka shambani. Fuso hilo limebeba mizigo ya ofisi yetu ya uwakala wa usafirishaji tangu nilipoajiriwa, miaka kumi na minne sasa. Asubuhi ile alikuja kupangiwa mbaazi za kijiji cha Mutuka za kwenda Dar es Salaam, mfumo ukamwekea alama nyekundu: gari halifai safari ndefu. Na cheti cha ukaguzi anacho mkononi, cha juzi tu. Jamani, nilichemka.

Sikatai, mfumo umetusaidia. Zamani lori lilifika Dar, likalala siku tatu nje ya ghala kwa sababu kontena halijapatikana. Siku hizi tunajua kontena liko wapi kabla gunia la kwanza halijapakiwa, vibali vinatumwa tukiwa tumekaa hapa hapa Babati, na mnunuzi anaona gari lilipo bila kunipigia simu kila baada ya dakika kumi. Lakini kumsingizia mtu mzima kwamba gari lake ni bovu? Nikamwambia Herieli, bosi wangu, ampigie fundi wake wa Arusha aje aling'oe dude lake. Nikamwambia na mengine ambayo mama wa umri wangu hasemi.

Herieli ni kijana mpole. Aliniacha nimalize, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Miezi mitano, gari limechelewa mara kumi na moja. Sababu, mara zote kumi na moja: hitilafu ya gari. Pembeni ya kila mstari, jina la aliyejaza: Leonia. Ni mimi.

Hebu nieleze. Gari likichelewa, mfumo haukuachii mpaka uchague sababu. Upo mzani, ipo barabara, upo uzembe wa dereva, upo uzembe wa ofisi. Msiba haumo. Mkulima ambaye hajamaliza kupepeta mazao yake hayumo. Ukichagua "nyinginezo" unadaiwa maelezo marefu, nani ana muda? Miaka yote mteja akiuliza nilimjibu kwamba gari limeharibika njiani, linatengenezwa. Nani mjini hapa hasemi hivyo? Hakuna aliyeamini na hakuna aliyenuna. Ni namna ya kumwambia mtu avumilie kidogo bila kuanika shida za wenzako. Mfumo ndio wa kwanza kuniamini.

Tadeo aliitwa ndani. Alisimama mlangoni na cheti chake, hata kiti hakutaka.

"Bosi, muulize Mama Clara," alisema, akinionyesha mimi. "Hakuna anayelijua gari langu kama yeye."

Nilitamani ardhi inimeze. Herieli alitueleza taratibu. Alama itatoka yenyewe baada ya siku tisini, na siku tisini ni msimu mzima umekwisha. Au aliyejaza arekebishe, mstari kwa mstari, aandike sababu ya kweli. Ila marekebisho yanakwenda kwa mnunuzi na makao makuu kwa jina lake, na mtu aliyejaza uongo mara kumi na moja hawatamwacha kazini. Akaniambia nichague mwenyewe.

Nikavuta kiti kwa hasira. Tadeo akaja kusimama nyuma yangu.

Mstari wa kwanza: msiba wa mwanakwaya mwenzake, kule Dareda. Wa pili: mkulima hajapepeta. Wa tatu: mkewe kulazwa. Niliandika upesi upesi, nikimlaani aliyetengeneza orodha isiyojua kwamba watu hufiwa. Tadeo alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila mmoja, ndiyo, ndiyo, hiyo kweli.

Kwenye mstari wa saba mkono ulisimama. Jumamosi ya mwezi wa sita. Clara wangu alipata kipaimara siku ile, na mimi nilikuwa Maisaka kwenye sherehe, nakata keki. Tadeo alikuwa amekaa hapo nje na gari limepakiwa tayari, saa tano nzima, anangoja vibali ambavyo nilipaswa kuvituma asubuhi. Sababu hiyo ilikuwamo kwenye orodha, tena imeandikwa vizuri kabisa. Mikono yangu mwenyewe iliiruka ikaenda kuchagua gari lake.

Nikaandika: uzembe wa ofisi. Gari lilikuwa zima.

Nilimsikia nyuma yangu akisoma polepole, neno kwa neno.

"Siku ile uliniambia mtandao umekata," alisema.

"Ndiyo, Baba Eliya."

"Na kipaimara nilikuchangia."

Nikashuka mstari unaofuata. Wa nane ulikuwa wangu pia, na wa kumi. Niliandika yote, nikatuma.

Alama nyekundu ilitoka kesho yake asubuhi. Nywila yangu ilikataa kabla ya saa sita mchana. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, Tadeo alikuja kuchukua karatasi za mzigo wa Mutuka. Alimsalimia Herieli, akamsalimia mlinzi, akapanda gari lake akaondoka.