Mjukuu Asiyepiga Magoti Asubuhi

Bibi Esteria alikuwa na macho ya mchunga ng'ombe, hakuna kilichompita. Ndiyo maana aligundua mapema kwamba mjukuu wake Dafrosa, mtoto wa miaka saba, asubuhi anatoa mwangaluka yake, salamu ya asubuhi, akiwa wima kama askari, lakini alasiri anapiga magoti vizuri tu kama binti yeyote wa Kisukuma. Kwa nini? Asubuhi mama yake, Specioza, yupo nyumbani. Alasiri yuko stesheni anauza maandazi. Basi mtoto anafundishwa dharau, na mwalimu anajulikana.

Tangu mwanawe Nkwabi amlete yule mwanamke wa Kifipa hapo mtaa wa Makanyagio, Esteria hakuwahi kumwamini. Dafrosa aliposema magoti yanamuuma, bibi alicheka: magoti gani hayo yanayouma alfajiri na kupona saa sita? Specioza alipotaka kumpeleka hospitali, bibi akaona ni kisingizio cha kuzurura mjini. Akamwambia Nkwabi, mtoto akisikia, kwamba akiletewa tena habari za magoti, mke huyo atarudi kwao na mtoto atabaki. Kuanzia hapo Dafrosa hakulalamika tena, na bibi akajipongeza.

Bado hakuridhika. Akaamka mapema awafumanie wakifundishana. Kupitia upenyo wa mlango wa jiko akamwona Specioza amempakata mtoto, anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto. Yalikuwa yamevimba, hayakunjiki. Dafrosa ameuma kanga ya mama yake asitoe sauti. Bibi akaona aibu. Siku hiyohiyo aliwatangulia wote njia ya hospitali.

Daktari akaeleza kuwa ni ugonjwa wa viungo, na watoto nao huupata. Hukaza asubuhi, hulegea jua likipanda. Dawa ipo, ya muda mrefu, na mazoezi. Esteria akashusha pumzi. Ndipo daktari akasema kwamba kwa watoto huweza kuingia hata machoni, kimyakimya, bila maumivu. Akamziba Dafrosa jicho la kulia na kumuuliza anaona nini.

Mtoto akasema anaona ukungu tu. Ulianza zamani, kabla mahindi hayajavunwa. Daktari hakuficha: jicho la kushoto lilikuwa limecheleweshwa mno, halitaona tena vizuri.

"Mbona hukusema, mjukuu wangu?" Esteria akauliza.

"Niliogopa mama atafukuzwa," Dafrosa akajibu.