Usiifute Kwanza

Kwetu nilikozaliwa, mtoto hufuata uraia wa baba. Hapa ninapoishi pia mtoto hufuata uraia wa baba. Na baba wa binti yangu, raia wa hapa, alikufa mwaka jana, bila ndoa, bila wosia, bila hata kuaga. Kwa hiyo binti yangu si wa kule wala si wa huku.

Tunamwita Msumari, kwa wembamba na kwa ukaidi. Mpaka sasa ameishi hapa chini ya kibali changu cha kazi. Mwezi ujao anatimiza miaka kumi na minane, na kibali hicho hakitamfunika tena. Bila uraia ataambiwa aondoke, na hakuna nchi ya kumpokea.

"Mama, mimi nakuamini," karani wa ofisi ya uraia aliniambia. Alikuwa kijana mpole mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. "Lakini sheria haijali imani yangu. Wazazi hawakuoana, basi lazima baba awe amemkiri mtoto akiwa hai. Maandishi yake, sauti yake, chochote. Ndugu zake wanasemaje?"

"Wanasema hawatujui."

"Hawawajui kweli?"

"Mama wa marehemu ndiye aliyenifundisha kumwogesha huyu mtoto."

Karani akapenga kamasi. "Tafuteni, mama. Tafuteni."

Nikarudi karakana. Mimi ni fundi wa majokofu, nina stashahada yake, na nikikasirika mikono yangu hufanya kazi vizuri zaidi. Nilikuwa napaka povu la sabuni kwenye bomba ili nione gesi inavujia wapi, dada yangu mkubwa akaingia. Dada yangu ana roho nzuri na mdomo usio na mlango. Nikamweleza yaliyonikuta.

"Mbona yule bwana aliandika?" akasema.

"Aliandika nini? Wapi?"

"Wakati ule mtoto ameungua. Chini ya ile picha."

Nikaweka brashi chini.

Msumari akiwa na miaka minne, birika la maji ya moto lilimmwagikia shingoni na kifuani. Mimi nililala naye wodini. Dada yangu, kwa nia njema, akampiga picha kitandani, yuko uchi, mdomo wazi kwa kilio, akaiweka mtandaoni kuomba michango ya dawa. Msumari alipokua akaiona, akawaka, na dada akaifuta siku hiyohiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kuna ukurasa unaojiita wa misaada ulikuwa umeshaichukua, na mpaka leo unaichangishia pesa. Mwaka huu wanasema mwanangu ana tundu kwenye moyo. Mwaka juzi alikuwa yatima wa vita. Jina jipya kila msimu. Shuleni waliigundua wakawa wanamrushia sarafu akipita. Ndiyo maana anavaa skafu hata jua likiwa utosini, na ndiyo maana kwa miaka mitatu amekuwa akiwaandikia wenye mtandao waiondoe.

"Hakuandika kwangu," dada akaendelea. "Mimi nilikuwa nimeshamfungia, alinitukana. Aliandika huko kwa matapeli. Niliona kwa macho yangu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungetoka wodini kumtafuta. Yule hakustahili hata nauli yako, mdogo wangu."

Jioni nikamwambia Msumari. Alikuwa anasugua sufuria jikoni. Akafuta mikono, akafungua ukurasa ule kwenye simu, akanipa bila kuutazama.

"Mimi huwa sisomi chini," akasema. "Naangalia tu kama bado ipo, nafunga. Soma wewe."

Nikashuka na kidole. Baraka, dua, matusi, mtu anauza viatu. Halafu nikamkuta, jina lake kamili, na kwenye picha ndogo ile kofia yake ambayo hakuivua hata mbele ya wazazi wangu.

Nikasoma kwa sauti kama ninavyowasomea wauzaji namba za vipuri: "Jamani huyu ni binti yangu, msimwite jina lingine. Pole mwanangu. Mwambieni baba anakuja Jumapili."

"Rudia," Msumari akasema.

Nikarudia.

"Haya, tumepata," nikasema. "Kesho asubuhi na mapema..."

"Mama. Wamenijibu."

"Nani?"

"Wenye mtandao. Malalamiko yangu yamekubaliwa. Nikibonyeza kuthibitisha, picha inaondoka na kila kitu kilicho chini yake. Nisipojibu, mwisho wa wiki wanaifuta wenyewe." Akachukua sufuria yake tena. "Ujumbe umekuja jana. Nilikuwa nangoja Jumamosi ukiwa nyumbani, tubonyeze pamoja. Nimeshanunua soda."

Soda zilikuwepo kweli. Nilikuwa nimeziona kwenye friji nikadhani ni za wageni.

"Usibonyeze," nikasema.

"Najua, Mama. Mimi si mtoto."

Kesho yake karani aliufungua ukurasa kwenye kompyuta yake. Kioo kilitazama upande wa foleni, naye hakufikiria kukigeuza. Akasoma, akasoma tena.

"Maneno yapo. Tarehe ipo. Akaunti ni ya marehemu, jina linalingana na cheti cha kifo," akasema. "Ila mtoto hapa ana jina lingine. Nitajuaje, binti, kwamba ni wewe?"

Nilifungua mdomo nimpashe. Msumari akaninyamazisha kwa kiganja. Akafungua skafu, akaikunja, akaiweka juu ya meza, halafu akashusha ukosi wa blauzi. Kovu lake linaanzia chini ya sikio la kushoto na kuteremka, limejikunja kama nailoni iliyopitiwa na moto. Karani akatazama kioo, akamtazama yeye, akainamisha macho.

Mwanamke mmoja kwenye foleni akagonga viganja kwa mshangao. "Jamani! Si yule mtoto wa moyo? Mimi nilimchangia! Umepona, mwanangu?"

Karani akageuza kioo. Alikuwa amechelewa.

"Nimepona," Msumari akajibu. "Asante, mama."

Yule mwanamke akatoa simu, anataka wapige picha pamoja awaonyeshe wenzake. Nikamwambia hapana kabla hajamaliza kuomba.

Karani alituandikia hati ya kusubiri. Kwa hati hiyo Msumari anaruhusiwa kukaa hadi uamuzi utoke. Kisha akashusha sauti.

"Sikilizeni. Wakaguzi wataufungua ukurasa wenyewe. Wakikuta picha imeondolewa, ushahidi umekufa. Usiifute kwanza."

"Si uchapishe, ugonge muhuri?" nikasema.

"Nitachapisha. Lakini mama, karatasi kama hiyo hata mimi naweza kuitengeneza nyumbani. Nao wanalijua hilo."

"Mpaka lini?" Msumari akauliza.

"Miezi sita. Pengine mwaka."

"Na wale waendelee kuomba pesa kwa picha yangu?"

Karani alitafuta leso yake. Mafua yalimsaidia siku hiyo.

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Msumari akafungua ujumbe wa wenye mtandao. Kulikuwa na vitufe viwili, cha kuthibitisha na cha kuondoa malalamiko. Nilitaka kumshikia simu, kama vile ina uzito. Akabonyeza cha pili mwenyewe, mara moja, kisha akatazama kioo mpaka kikazima.

"Mama, ile Jumapili alikuja?"

Kuna akina mama ambao wangempa uongo mtamu. Mimi sina kipaji hicho.

"Hakuja."

"Nilimngoja?"

"Hukujua kama ameahidi. Wala mimi sikujua. Ulikuwa unalia unataka barafu, nikakutafutia."

Akaivaa skafu taratibu, akaikaza chini ya kidevu, akahakikisha hakuna kinachoonekana.

"Basi ndiyo namngoja sasa," akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Soda zile hatukuzifungua. Ziko kwenye friji, nimezisogeza nyuma kabisa, na kila nikichukua maji nazikuta.