Mikono Juu ya Mpunga

Hivi wewe, ukitaka kupiga picha kitu cha mbao chenye matundu matundu, unakiweka wapi? Ukikisimamisha ukutani, kivuli kinajaa kwenye matundu na nakshi haionekani. Ukikilaza kwenye majani, jicho la mtu linakwenda kwenye majani. Restituta wa Ifakara alikuwa anakilaza juu ya mpunga ulioanikwa. Mpunga una rangi moja iliyotulia, na mninga ukikaa juu yake kila tundu linaonekana, hata lile ambalo kijiti cha kiberiti hakipiti.

Alipiga picha saa mbili asubuhi, jua likiwa bado la pembeni. Kwanza alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Halafu alisugua kona kwa mswaki uliochakaa, akapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, kidogo sana, kwa sababu mafuta yakizidi mbao inang'aa kama paji la mtu mwenye homa. Upande wa kivuli alisimamisha kiroba cheupe ili kirudishe mwanga. Alifukuza kuku, akapiga picha tatu kwa simu ya shemeji yake, akamrudishia simu. Shemeji huyo, Apolinari, alichagua moja akaiweka mtandaoni, na chini yake akaandika: Kazi ya Apolinari, Ifakara.

Kazi ilikuwa ya Restituta. Yeye ndiye aliyetoboa mbao kwa keekee, akapitisha kwenye tundu wembe wa msumeno, mwembamba kama uzi, akaukaza juu na chini kwenye mashine, akakata ua kuanzia katikati kwenda pembeni. Alifundishwa na marehemu mume wake, Fridolin. Mashine hiyo ya msumeno waliinunua kwa mavuno mawili ya mpunga, na mpunga huo waliupalilia wote wawili.

Fridolin alipofariki, siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikaa kwenye mkeka wa milulu, wakamuuliza mjane anataka nini. Katika ukoo ule mjane mwenye adabu hasemi mara ya kwanza. Huinamisha kichwa na kujibu, "Mtakavyoona, wazee wangu." Kisha huulizwa mara ya pili, na mara ya pili ndipo husema. Restituta aliinamisha kichwa, akajibu kama inavyotakiwa. Wakati huohuo wingu likatokea upande wa Udzungwa, na mpunga wa kila mtu ulikuwa nje. Wazee wakanyanyuka kukimbilia maturubai. Waliporudi wamelowa walikuwa wamesahau mara ya pili, nao wakaona kwamba msumeno ni wa mdogo wa marehemu, Apolinari.

Apolinari si mtu mbaya. Wiki ya kwanza alijaribu kukata mwenyewe, akavunja nyembe kumi na moja. Wiki ya pili akamwita shemeji yake aje amsaidie kidogo. Huko kusaidia kidogo kulikuwa na miaka sita sasa.

Mwezi wa saba, Restituta alipiga picha ya fremu yenye kanga wawili wanaodonoa. Ilipofika mtandaoni ilikuwa na mikono. Ilikuwa pembeni ya fremu, juu ya mpunga, imetulia: mikono miwili ya mwanamke mtu mzima, ukucha wa kidole cha shahada cha kushoto umepasuka katikati pale wembe ulipopita mwaka wa kwanza. Apolinari alimwambia shemeji yake awe anaondoa mikono kabla ya kubonyeza. Restituta alisema sawa. Hakuuliza angebonyeza kwa kitu gani.

Picha iliyofuata ilikuwa na mikono vilevile, na ile ya baada yake pia. Kufika Jumatano ikajulikana kwamba mikono haikai tu. Ilifanya kile ambacho Restituta alikuwa anafanya saa hiyo. Mtu akifungua picha asubuhi, mikono ilikuwa inaongoza mbao kwenye wembe. Akiifungua mchana, ilikuwa inapepeta mchele na kutoa mawe. Jumapili saa tatu ilikuwa imeshika rozari. Usiku ililala, mmoja juu ya mwingine, chini ya ncha ya khanga.

Wateja waliizoea upesi. Mwalimu mmoja wa Kisawasawa aliandika kwamba yeye anafungua picha ya sinia la mbao ili ajue wakati wa kubandika maharage. Mtu wa Dodoma aliuliza kama fremu inakuja pamoja na mikono au mikono inauzwa peke yake. Apolinari alimjibu kwamba mikono ni ya maonyesho. Alijaribu kuikata kwenye picha, lakini kila alipopunguza upande mmoja, mikono ilihamia upande wa pili na kuendelea kumenya vitunguu.

Mwezi wa tisa Restituta aliugua malaria. Siku tatu mikono ilikuwa inatetemeka juu ya shuka lenye maua ya bluu. Watu thelathini na wawili waliandika pole, wengine wakashauri uji wa ulezi. Apolinari alijibu kila mmoja: "Ahsante, naendelea vizuri." Restituta alipopona alimwomba simu, akasoma pole zote pamoja na majibu, taratibu, kwa kufuatisha kidole. Akarudisha simu. Akasema nyembe zinakaribia kwisha.

Baadaye maswali yakawa mengi. Watu waliuliza Apolinari gani ana mikono ya mama. Apolinari akafikiri kwa siku mbili, halafu akavua saa yake ya mkononi, kubwa, ya chuma, akamvisha shemeji yake. "Ivae tu, shemeji, wateja wasichanganyikiwe." Restituta aliivaa. Alifulia nayo na kuchotea maji, na pale mtandaoni mikono ikawa inapepeta mchele na saa ya mwanaume ikipanda na kushuka hadi kwenye kiwiko.

Ndipo akaja Mbuke, mama mfugaji kutoka Mchombe. Alikuwa ameagiza ubao wa ng'ombe watatu wa kuweka juu ya mlango wa mwanawe, na pembe hazikumridhisha kwenye picha. Alishuka kwenye bodaboda, akampita Apolinari aliyekuwa amenyoosha mkono wa salamu, akamwendea Restituta pale kwenye mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimemjia mwenye mikono," Mbuke alisema. "Mwenye simu nitamsalimia baadaye."

Apolinari alicheka kidogo, akasema huyo ni shemeji yake, anamsaidia. Mbuke aliutazama ukucha uliopasuka, kisha akaitazama saa. Akasema huko kwao, ng'ombe ukimfunga kengele ya ng'ombe mwingine, hata mtoto anajua bado ni yuleyule. Akaeleza habari ya pembe: zianze kwa kwenda nje, ndipo zipande juu, siyo kama pembe za mbuzi. Restituta alichukua penseli akazichora upya kwenye mbao. Mbuke aliridhika. Hakuondoka, akavuta kigoda.

Alisema amekaa na mikono hiyo miezi mitatu. Ikipepeta na yeye anapepeta. Ilipougua hakupata usingizi. "Sasa, mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Restituta aliinamisha kichwa. "Mtakavyoona," akajibu.

Lijulikane mapema, ili mtu asikae akingoja: ukurasa ule mpaka leo unaitwa Kazi ya Apolinari, na msumeno bado umekazwa kwa boliti nne kwenye sakafu yake. Wazee wawili kati ya wale wa mkeka wameshafariki, na mmoja anasema hakumbuki mvua. Mikono bado ipo juu ya mpunga na wateja wanaisalimia kabla ya kuuliza bei. Saa tu ndiyo haipo.

Mbuke alikuwa amefungua picha ya ng'ombe kwenye simu yake. Akamwonyesha Restituta. Mkono wa kulia, pale kwenye picha, ulikuwa umeshika kitu ambacho hakikuonekana, umekishika kama mtu anavyoshika shingo ya ndama asichukuliwe mnadani. Restituta akashusha macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye shingo ya msumeno, na wala hakujua umefika pale saa ngapi.

Apolinari alizima mashine ili asikie vizuri. Nje palikuwa na jua tupu, mpunga umekauka, hakuna wingu hata upande wa Udzungwa.

"Mama," Mbuke aliuliza mara ya pili, "unataka nini?"

Restituta alivua saa, akaiweka juu ya mbao, pembeni ya pembe mpya. Akageuka upande wa Apolinari.

"Shemeji," alisema, "siku ile ya matanga, nilitaka msumeno."